Jiko la Shangazi na Majani ya Mgomba

Kila siku saa kumi jioni, soko la Biharamulo likiwa bado limejaa watu, Adelfina huanza kufunga cherehani yake. Hukunja vitambaa vya wateja. Hufagia vipande vya nyuzi. Wenzake wa sokoni wamezoea kumtania.

"Mama Ineza, unamkimbia nani?"

"Nakimbilia mkaa," hujibu. "Mkaa wangu ni mbichi, unataka kubembelezwa."

Adelfina ni fundi wa kushona. Mume wake, Projestus, anatengeneza pikipiki karibu na stendi. Wana watoto wawili wa kike. Mkubwa ni Ineza, yuko darasa la sita. Mdogo ni Tecla, ana miaka mitatu. Huyu Tecla ndiye saa ya nyumba ile. Jua likizama tu, analala. Chakula kikichelewa, analala na njaa, na hakuna anayeweza kumwamsha.

Mbali na kushona, Adelfina anaimba. Yumo katika kwaya ya parokia, na sauti yake, niseme ukweli, ni nzuri kuliko anavyojua mwenyewe. Mwaka huu mwalimu wa kwaya, Bonaventura, alimchagua kuongoza wimbo mkuu wa sikukuu ya parokia. Adelfina ataimba beti peke yake. Kwaya na waumini wote watamwitikia. Hajawahi kupewa heshima kama hiyo maishani. Siku ile alirudi nyumbani akaimba hata kwa kuku.

Lakini mazoezi yanaanza saa kumi na moja jioni, na jiko la mkaa halijui mazoezi. Adelfina aliwasha, akapuliza, akapepea kwa mfuniko wa ndoo. Alisonga ugali, akachemsha mboga, akamlisha Tecla. Halafu alikimbia kanisani na masizi kwenye paji la uso. Alifika wenzake wakiwa kwenye wimbo wa tatu. Walimsogezea nafasi bila kuacha kuimba.

Siku moja baada ya mazoezi, Mwalimu Bonaventura alimwita kando.

"Mama Ineza, sauti unayo. Muda ndio huna."

"Nisamehe, Mwalimu. Nina mtoto mdogo."

"Najua. Lakini kwaya nzima inakusubiri wewe. Ukiendelea kuchelewa, beti nitampa Melania."

Melania alikuwa msichana mwenye sauti safi na adabu njema. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa tu hana mtoto wa kulisha kabla jua halijazama.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na mgeni. Mama yake Projestus, Bibi Scholastika, alikuwa amekuja kutoka Keza, wilaya ya Ngara. Alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, mfuko wa maharage na kikohozi. Projestus alimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akampa dawa, kisha akamwambia, "Mama, kifua chako kimechoka na moshi. Kaa mbali na moto wa kuni na wa mkaa."

Bibi alipokea maneno hayo kama adhabu. Yeye amepika tangu akiwa msichana. Keza hakuna arusi kubwa iliyopita bila yeye kusimama kwenye masufuria. Tena kanisani kwao alikuwa mwimbaji. Kifua kilipoharibika aliacha kuimba. Watu wakiitikia, yeye anakohoa.

"Nimekuja kuwa mzigo kwa mwanangu," alimwambia Adelfina. "Nakaa kwenye kiti, nangoja sahani kama mkaguzi."

"Mama, pumzika tu. Umepika vya kutosha."

"Mtu anatoshekaje kupika?" aliuliza Bibi.

Sasa, sebuleni mwa nyumba ile kulikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, kikubwa kama ndoo. Shangazi yake Ineza, dada wa Projestus aitwaye Suzan, alikituma kutoka Mwanza. Ni jiko la umeme linalopika bila kuzamisha chakula kwenye mafuta. Dukani wanaliita air fryer. Nyumbani kwa Adelfina waliliita jiko la Shangazi.

Niseme walivyolitunza. Waliliweka kando ya televisheni. Walilifunika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni. Kila mgeni aliliona.

"Hicho ni nini?" wageni waliuliza.

"Jiko la kisasa," Projestus alijibu akiwa amejaa fahari.

"Linapika nini?"

"Kila kitu."

"Nyinyi mmeshapika nini?"

Hapo Projestus alianza kuzungumza habari za pikipiki.

Siku iliyofuata onyo la Mwalimu Bonaventura, Adelfina alipita duka lenye friji. Alinunua pakiti mbili za soseji na mikate mirefu laini. Alifika nyumbani, akaweka pakiti moja kwenye friji yao ndogo, akaondoa kile kitambaa cha kufuma. Ineza aliacha daftari lake la hesabu.

"Mama, leo tunakula hotidogi?"

"Leo tunakula mapema. Jina utaliweka mwenyewe."

Bibi Scholastika alisogeza kiti chake karibu. Aliangalia ndani ya jiko. Aliona kikapu chenye matundu chini.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

"Umo ndani, Mama. Ni wa umeme."

"Na maji?"

"Hakuna maji."

"Na mafuta?"

"Hakuna."

Bibi alitikisa kichwa. "Chakula kikae uchi kwenye kitu chenye matundu, halafu kiive? Hapana, mkamwana wangu. Hapa panatakiwa majani."

Alitoka nje, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakukohoa hata mara moja, maana alikuwa na kazi. Alichagua majani laini. Aliyapangusa kwa kanga yake. Alitandika jani moja chini ya kikapu, likaziba matundu yote. Alipanga soseji juu yake, nyingine zikalala juu ya wenzake. Juu kabisa alifunika jani jingine, akalibana pembeni kwa vidole, kama anavyofunika chungu cha ndizi.

Adelfina alisita. Lakini hakuwahi kumwambia mama mkwe kwamba hajui kupika, na hakutaka kuanza siku ile. Tena uso wa Bibi ulikuwa umechangamka. Alikuwa ameshika chakula kwa mikono yake tena.

"Sawa, Mama," alisema.

Alichomeka jiko kwenye ekstensheni, ileile yenye televisheni na pasi ambayo sasa Ineza alikuwa anapigia nguo. Akawasha. Jiko likaanza kuvuma.

Mwanzo ilikuja harufu nzuri ya majani, kama harufu ya ndizi zinazoiva. Bibi alitabasamu. Halafu harufu ikageuka. Moshi mweusi ukatoka nyuma ya jiko. Ndani kitu kilikuwa kinagonga na kukwaruza. Ekstensheni ikanuka plastiki. Mara umeme ukakatika nyumba nzima.

"Rudini nyuma," alisema Adelfina. Alichomoa waya ukutani. Alisubiri moshi upungue, akavuta kikapu. Jani la juu lilikuwa limekunjamana na kuungua. Jani la chini lilikuwa bado kijani. Soseji za katikati zilikuwa baridi.

Alilazimika kuwasha mkaa. Alipuliza huku machozi yanamtoka, na si yote yalikuwa ya moshi. Alipoingia ndani na bakuli la uji, Tecla alikuwa tayari amelala kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni. Alijaribu kumwamsha. Mtoto aligeukia ukutani.

Alifika kanisani akihema. Melania alikuwa amesimama mbele, anaimba beti za Adelfina. Aliimba vizuri. Mwalimu Bonaventura alimaliza wimbo, akakaribia.

"Jumamosi nitaamua," alisema kwa upole. "Atakayekuwepo tunapoanza ndiye atakayeongoza. Baada ya hapo sitabadilisha."

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kitaifa, watu hawakwenda kazini. Projestus, aliyeurudisha umeme usiku ule aliporudi kazini, alileta boksi la jiko la Shangazi kutoka stoo.

"Tulirudishe humu," alisema. "Nitamwambia Suzan liliharibika njiani."

Bibi Scholastika alikuwa amekaa uani. Alikuwa amejifunga kanga kichwani kama mtu aliyefiwa.

Mlangoni palibishwa hodi. Alikuwa jirani yao, Esperansia. Mama huyu aliwahi kupika katika hoteli moja ya Mwanza. Sasa anafundisha mapishi kwenye chuo cha ufundi. Anacheka kwa sauti, na anaingia jikoni mwa watu bila kukaribishwa mara mbili.

"Shikamoo, Mama," alimsalimia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Usiniulize habari. Nimeunguza jiko la watu."

"Nilisikia harufu ya majani ya mgomba jana. Nikajiambia, leo kwa Mama Ineza kuna ndizi. Nikachukua sahani yangu. Halafu nikasikia plastiki, nikairudisha sahani."

Bibi alijikuta anacheka. Kicheko kikamletea kikohozi. Esperansia alisubiri kikohozi kiishe, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Hebu nielezeni mlivyofanya."

Adelfina alieleza yote. Majani, kurundika, pasi, ekstensheni. Esperansia alisikiliza, kisha wote wakamfuata sebuleni, akaligeuza jiko. Aliangalia waya wake. Aliangalia juu ndani, palipokuwa na masizi ya jani. Alipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

"Jiko ni zima," alisema. "Mama Ineza, ulifanya vizuri kuchomoa waya kwanza. Na ulifanya vizuri zaidi kutomwagia maji. Maji na umeme havikai pamoja. Ila hii ekstensheni itupeni. Imeyeyuka."

"Kosa ni langu," alisema Bibi.

"Mama, nikuulize kitu. Ukipika ndizi, kwa nini unafunika kwa majani?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanavaa nguo.

"Ili mvuke usitoke. Mvuke ndio unaoivisha. Ukifunua funua, ndizi zinakuwa ngumu."

"Ni kweli kabisa. Wanafunzi wangu wengine hawajui hilo. Chungu cha ndizi kinapika kwa mvuke. Sasa hili jiko halina maji, kwa hiyo halina mvuke. Linapika kwa nini?"

Projestus alikuwa bado ameshika boksi.

"Mama Ineza, nipe uzi wako mmoja."

Adelfina alikata uzi mwekundu. Esperansia aliliweka jiko mezani, mbali kidogo na ukuta. Alilichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Aliliwasha tupu kwa muda mfupi. Halafu akashika uzi, akauning'iniza nyuma ya jiko, palipo na tundu la kutolea hewa. Uzi ukaanza kucheza.

"Ni upepo," alisema Bibi.

"Upepo wa moto, Mama. Humo juu kuna waya unaopata moto. Juu ya waya kuna feni. Feni inasukuma joto, linazunguka chakula, linapita kwenye matundu ya kikapu, linapanda tena. Ukitandika jani chini, umeziba matundu. Ukifunika juu, umefunga njia. Tena jani likikauka ni jepesi. Feni inalivuta juu, linagusa waya, linaungua."

Bibi aliutazama ule uzi. Kisha alifungua kanga kichwani.

"Ngoja," alisema. "Keza tukivuna maharage tunayaanika kwenye jamvi. Hatuyarundiki. Ukiyarundika, ya katikati yanaota ukungu. Unayatandaza, upepo unapita, halafu unayageuza."

"Hapo hapo, Mama."

"Basi mbona hakuna aliyeniambia tangu jana kwamba huku ni kuanika?"

Projestus alicheka mpaka akaweka boksi chini. Esperansia alipiga magoti yake kwa viganja.

"Mama, hiyo ya maharage nitaikopa. Nitaisema darasani."

"Waambie ni maharage ya Keza," alisema Bibi. "Usiseme ya kwingine."

"Na umeme?" aliuliza Projestus. "Jana lilikata umeme. Si litatumaliza?"

"Kilichokata umeme ni kuchomeka vitu vizito pamoja," alijibu Esperansia. "Jiko hili linataka umeme mwingi kwa wakati mmoja. Pasi nayo hivyo hivyo. Ekstensheni ndogo haiwezi kubeba vyote viwili. Lichomeke ukutani, peke yake. Na halikai muda mrefu. Linawaka dakika chache, chakula kimeiva, unalizima."

"Na kile kitambaa changu cha kufuma?" aliuliza Adelfina.

"Kifunike televisheni. Jiko likiwa linafanya kazi lisifunikwe na chochote, na lisibanwe ukutani. Lazima lipumue."

Pakiti ya pili ya soseji ilikuwa bado kwenye friji. Adelfina aliitoa. Esperansia alianza kunawa mikono, lakini Bibi alikuwa amekwisha nawa. Alichukua kisu.

"Nielekeze," alisema. "Mikono itakuwa yangu."

"Chanja kila soseji mikato midogo ya juu juu. Joto litaingia, na ngozi haitapasuka ovyo. Sasa zitandaze."

Bibi alizitandaza. Aliacha nafasi kati ya moja na nyingine. Soseji moja ilipogusa mwenzake, aliisukuma kwa kidole.

"Joto weka mia moja na tisini," alisema Esperansia. "Dakika sita. Zikifika katikati, vuta kikapu, zigeuze."

"Kama maharage," alisema Ineza.

"Nyamaza, Bibi anapika," alisema Bibi.

Walisubiri. Jiko lilivuma, na safari hii hakuna kilichogonga ndani. Harufu ya soseji ilijaa chumba. Bibi alizigeuza kwa koleo. Dakika zilipoisha, Esperansia alimwambia achukue moja, aikate katikati.

"Usiamini rangi ya nje. Angalia ndani. Ikiwa inatoa mvuke mpaka katikati, iko tayari. Ikiwa vuguvugu, rudisha."

Mvuke ulitoka. Bibi aliunusa kwanza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Halafu mikate iliyopasuliwa iliingia kidogo tu, ikatoka na ukingo mkavu na tumbo laini.

Esperansia alichukua soseji ya Tecla kabla haijafika mkononi mwa mtoto.

"Hii muwe makini nayo. Mtoto mdogo usimpe soseji nzima, wala usimkatie vipande vya duara. Kipande cha duara kinaweza kuziba koo. Mkatie kwa urefu mara nne, halafu vipande vidogo. Na ale amekaa, asikimbie."

Alimkatia hivyo. Tecla alikaa kwenye mkeka, akala kwa bidii ya mtu aliyedaiwa chakula tangu jana.

Adelfina alikuwa amekata nyanya, kitunguu na parachichi. Kila mmoja alijaza mkate wake. Projestus alikula wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili alikaa.

"Msije mkala hizi kila siku," aliongeza Esperansia akiwa anatafuna. "Soseji zina chumvi nyingi na mafuta. Ziwe chakula cha siku yenye haraka, na mboga ziwepo. Siku nyingine wekeni viazi vitamu humo, au vipande vya ndizi, au samaki. Jiko ni hilo hilo. Na soseji zikae kwenye friji mpaka saa ya kupika. Ukizinunua, nenda nazo nyumbani moja kwa moja."

Baadaye jiko lilipopoa, Ineza aliosha kikapu kwa maji na sabuni. Sehemu yenye umeme aliipangusa tu. Bibi alisimama nyuma yake kuhakikisha. Nikuambie jambo moja. Alasiri nzima ile Bibi alikuwa jikoni, na alikuwa hajakohoa.

Jumamosi ikafika. Sokoni mteja mmoja alimng'ang'ania Adelfina amalizie gauni. Alilimaliza, akafunga cherehani, akakimbia nyumbani. Alikuwa anahesabu kichwani: kuwasha jiko, kukata nyanya, kumlisha Tecla.

Alisukuma mlango. Tecla alikuwa kwenye mkeka, mdomo umejaa. Ineza alikuwa anakata kachumbari. Bibi Scholastika alikuwa amesimama mbele ya jiko, koleo mkononi, kanga imefungwa kiunoni.

"Umefuata nini?" aliuliza Bibi.

"Nimekuja kupika, Mama."

"Kupika nini? Chukua mkate wako, ule njiani. Nenda."

Alifika kanisani mlango ukiwa bado umefungwa. Alikaa kwenye ngazi, akamalizia mkate, akapangusa vidole kwa majani. Mwalimu Bonaventura alikuja na baiskeli yake. Alimwona. Aliangalia saa, akamwangalia tena. Alitoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akampa Adelfina afungue.

Jioni ile aliongoza beti zote. Melania aliimba sauti ya pili, akamkumbatia walipomaliza.

Sikukuu ilipokaribia, wageni walikuja kutoka Keza. Alikuja Kazimili, shemeji yake Bibi Scholastika, pamoja na mke wake na jamaa wengine. Walilala pale. Asubuhi ya sikukuu Adelfina aliamka na wasiwasi. Wageni ni wageni. Hawezi kuwaacha na njaa, na kwaya inapanga mstari kabla ya Misa. Alichukua mkaa, akatoka nao uani.

Bibi alimkuta pale. Alimnyang'anya mfuko wa mkaa, akauweka nyuma ya ndoo.

"Mama, wageni ni wengi."

"Nawaona. Ni ndugu zangu, najua wanavyokula." Alimshika bega. "Vaa sare yako. Nyumba hii ina mpishi."

Adelfina aliingia ndani haraka, asije akalia mbele ya wageni.

Kazimili alikuja jikoni akiwa na shaka.

"Shemeji, moshi uko wapi? Bila moshi tutajuaje kama kuna chakula?"

"Utajua kwa mdomo."

"Hizo soseji mbona unazitenga tenga? Weka zote mara moja, watu wana njaa."

"Wewe maharage yako unayaanika vipi?" aliuliza Bibi.

Kazimili alifikiri. Alikaa chini kusubiri. Bibi alipika kwa mafungu, fungu moja baada ya jingine. Alimwonyesha ndani ya soseji iliyokatwa. Alimwonyesha uzi mwekundu unavyocheza nyuma ya jiko, maana aliuhifadhi. Kisha alitoka kwenye migomba, akarudi na jani moja laini. Alilipangusa, akalitandika kwenye sinia. Juu yake akapanga mikate, soseji, parachichi na kachumbari. Jani lilikuwa limepata kazi yake.

"Nani amepika?" aliuliza mke wa Kazimili alipoonja.

"Mimi," alisema Bibi. "Kwenye jiko langu."

Projestus alifungua mdomo kusema ni jiko la Shangazi. Akaufunga. Tangu siku ile linaitwa jiko la Bibi, na Suzan mwenyewe alipoambiwa kwa simu alifurahi.

Wote waliwahi kanisani. Walikaa benchi moja, wameshiba na wamevaa vizuri. Tecla alikaa mapajani mwa Bibi. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mwalimu Bonaventura aliinua mkono. Adelfina alipiga hatua mbele ya kwaya. Alifungua kinywa.

Aliimba ubeti wa kwanza. Waumini wakaitikia. Ndipo alipoisikia, katikati ya sauti zile zote, sauti moja nzee, nene, yenye namna ya Keza ya kuvuta mwisho wa neno. Alitafuta kwa macho. Bibi Scholastika alikuwa amesimama na Tecla mkononi, kichwa juu, anaimba. Mke wa Kazimili alikuwa amemgeukia, anamshangaa. Hawakuwa wamemsikia akiimba tangu kifua chake kiharibike.

Bibi hakuwaangalia. Alimaliza kiitikio bila kukohoa, akamwinulia mkamwana wake kidevu, aendelee.

Adelfina akaimba ubeti wa pili.